Msimfungie chumbani

*Shangazi, shikamoo. Tunaishi Likoni. Kakangu ana miaka 36. Akiamka mikono inatetemeka mpaka apate mnazi, jioni ni chang'aa, na juu yake anavuta unga (heroini). Safari hii amesema mwenyewe amechoka, anataka kuacha. Mjomba anasema tumfungie chumbani wiki moja arosto, yale mateso ya kukosa unga, imwishe, maana hospitali ni gharama na aibu. Mama anahofu kwamba akikosa unga ghafla atakufa. Tufanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Msimfungie. Mjomba ana nia njema, na mamako ana haki ya kuhofu, ila hofu yake imeelekea kwingine. Arosto ya unga inatesa vibaya, lakini ni nadra kumuua mtu mzima akipata maji na uangalizi. Kinachoweza kumuua nduguyo ndani ya chumba hicho ni kukatiwa pombe.

Pombe hupoza ubongo, na ubongo wa mnywaji wa miaka hujikaza kila siku kushindana nayo. Ikiondoka ghafla, ule mkazo hubaki bila wa kuuzuia. Kuanzia saa 6 hivi baada ya funda la mwisho huja kutetemeka, jasho, kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Degedege huweza kumwangusha kati ya saa 6 na saa 48, hata kama hajawahi kuugua kifafa. Siku ya 2 hadi ya 4 ndiyo mbaya zaidi: homa, kuweweseka, kuona wadudu ukutani, kutojua yuko wapi. Hapo ndipo jamaa husema amepandisha majini, wakaita msomaji, saa zikapita. Dua someni, mwanangu, lakini someni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Wodini hapimwi mara moja akaachwa. Muuguzi humwambia anyooshe mikono, atanue vidole, aangalie mtetemo. Humgusa viganja kuona jasho. Humuuliza kama mwanga unamuumiza macho, kama anahisi vitu vikimtambaa mwilini, kama anajua leo ni siku gani. Kila jibu lina alama yake, na jumla ndiyo inayoamua apewe dawa kiasi gani. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya saa chache, na hali ikiwa mbaya hata kila saa, usiku na mchana. Dawa yenyewe mara nyingi ni diazepamu, ambayo wengi mnaijua kama Valium: nyingi siku za mwanzo, kisha inapunguzwa kila siku, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 5 hadi 7. Msiinunue dukani mkampimia wenyewe. Ikikutana na pombe au unga inaweza kuzima pumzi.

Atachomwa pia sindano ya vitamini B1. Mnywaji wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo, na dripu ya sukari ikitangulia peke yake inaweza kumaliza kile kidogo kilichobaki na kuharibu kumbukumbu na mwendo wake moja kwa moja. Ukiona dripu inatundikwa, uliza kwa adabu kama sindano hiyo imeshachomwa. Sukari ya damu ikiwa imeshuka sana, vyote viwili huenda pamoja.

Sasa unga. Arosto yake huanza saa 8 hadi 12 baada ya kuvuta, hupamba moto siku ya 2 na ya 3, hutulia ndani ya wiki moja hivi. Usingizi huchelewa zaidi kurudi. Atapiga miayo, machozi na kamasi zitamtoka, vinyweleo vitasimama, ataharisha, mifupa itamuuma, miguu haitatulia kitandani. Atawapigia simu akilia kwamba wanamuua. Msikimbilie kumtoa, muulizeni muuguzi hali yake.

Methadoni, dawa anayopewa mtu badala ya unga, ni jambo jingine, na Kisauni kuna kliniki yake. Ni ya maji, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kisha mgonjwa huongeleshwa kidogo ili ionekane amemeza. Kipimo cha kwanza huwa kidogo, kwa kawaida si zaidi ya miligramu 30, na atalalamika kwamba haimshiki. Haiongezwi haraka kwa sababu hujikusanya mwilini kwa siku kadhaa. Akifika amelewa anaweza kuambiwa asubiri, na hiyo ni kwa usalama wake. Kwa mtu wa unga, nasema wazi, methadoni ya kuendelea humlinda uhai kuliko kusafishwa siku 7 na kurudi maskani.

Maana siku ya kutoka ndiyo ya kuhofiwa. Mwili utakuwa umesahau unga, na kete (kipakiti cha unga) ileile aliyokuwa akiivuta bila shida inaweza kumzima. Kabla hajatoka ulizeni anaendelea na tiba wapi na lini, na ulizeni kuhusu naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidiwa na unga.

Kabla ya kumlaza popote, uliza daktari ni nani, usiku nani yuko zamu, na akianguka degedege wanafanya nini. Wakijibu kwamba wao hutumia maombi na mazoezi tu, mpeleke kwingine. Ukitaka kuelekezwa, piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, haina malipo.

Mpaka siku ya kulazwa ifike, msimnyang'anye pombe. Ajabu lakini kweli: akisubiri kitanda, kidogo anachokunywa ndicho kinachozuia degedege. Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimtie kijiko wala maji mdomoni, mpelekeni hospitali. Nanyi mna kivuko mbele yenu, basi mkiona anaanza kuchanganyikiwa jioni, msingoje kukuche.

Leo hii kaa naye uandike: anakunywa nini na kiasi gani, amevuta kete ngapi, mara ya mwisho saa ngapi, amewahi kuanguka degedege au la. Muulize pia faraghani kama anameza bugizi, vile vidonge vya kulevya vya jamii ya Valium. Hilo wengi hulificha, na bugizi ikikatwa ghafla huleta degedege kama pombe, tena kuipunguza huchukua wiki nyingi. Karatasi hiyo mpe daktari mkononi.