Re: German Shepherd wa miezi mitano, naanzaje kumfundisha kung'ata?

Mkuu, miezi mitano bado mtoto huyo, meno ndiyo kwanza yanabadilika. Ukimvutisha gunia sasa ataumia fizi, kazi yenyewe aichukie. Anza na utii: njoo, kaa, na hasa "acha", maana mbwa asiyeachia atakupeleka polisi. Meno yakishakamaa, anza na kitambaa kama mchezo, na mwache ashinde. Wajerumani wenyewe, kwenye Schutzhund, yaani mitihani ya mbwa wa ulinzi (siku hizi inaitwa IGP), hawampi mtihani wa ngazi ya kwanza kabla ya miezi 18, tena awe ameshafaulu ule wa utii. Hiyo ya kumfungia gizani na kumlisha pilipili eti awe mkali, achana nayo kabisa. Utafuga mwoga, na mbwa mwoga humrukia hata mwanao.