Usimtumie huyo wakala hata shilingi

Dada, hiyo M-Pesa iweke kando kwanza. Unasema umemwona kaka yako kwenye video, ametekwa Ukraine akiwa na magwanda ya Urusi, na kuna wakala anataka 180,000 "amtoe". Hata ile nusu ya kuanzia usitume.

Mateka wa vita hanunuliwi. Hutoka serikali zikikubaliana kubadilishana, au mapigano yakiisha. Hakuna muhuri wa kughushi wa River Road, Nairobi, unaofika huko.

Ujanja wao naujua kwa bei niliyolipa. Ada ya mkalimani, kisha ya muhuri, kisha "mkubwa wa kambi amehamishwa". Na ushahidi? Siku ya kwanza anauliza kama kijana ana alama mwilini. Unamwambia: kovu, goti la kushoto. Wiki mbili baadaye anapiga kwa furaha: "Wamemthibitisha, ana kovu goti la kushoto!" Nyumba nzima vigelegele, na hela zinatumwa tena. Cheka tu, mimi nilishamaliza kulia. Mbwa yule! Lakini hasara kubwa haikuwa hela, ilikuwa miezi ya kukaa bila kuandikisha jina popote, maana huwakataza kwenda ofisi yoyote "msiharibu mpango".

Kesho asubuhi nenda Msalaba Mwekundu, South C, Nairobi, uulizie huduma ya kutafuta jamaa waliopotezana. Ni bure. BURE. Beba nakala ya pasipoti yake, majina ya wazazi, mkataba wa jeshi kama aliwatumia picha yake, na tarehe na mahali alipowasiliana mara ya mwisho. Majina yaandike yote matatu, na uwaonyeshe yanavyoweza kugeuka: Kirusi hakina herufi ya w, kwa hiyo Wafula hurudi Vafula, na mtu akapotea kwenye orodha akiwa hai. Acha na anwani inayofanya kazi, si lile sanduku la posta mlilosahau kulipia. Chini ya Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, mateka anastahili kuandikia nyumbani kadi ndani ya wiki moja tangu afike kambini. Isipofika, usianze matanga.

Uliuliza pia kama unaweza kumtumia sweta na barua; hayo baadaye.

Wakala akipiga tena, mwambie umesahau kutaja: kaka yako ana kovu la moto mgongoni. Halafu ngoja uone kama "hawatalithibitisha".