Balalaika: mi, mi, la

Unauliza kama fundi amekosea kufunga nyuzi mbili za balalaika yako (ala ya nyuzi ya Kirusi) kwa sauti moja? Mbona iko sawa, hajakosea. Balalaika ndogo (prima) ina nyuzi tatu, na mbili kati yake hufungwa sauti ileile, kwa noti hizi: mi, mi, la. Hizo mi mbili ni za nailoni, zamani zilikuwa za utumbo wa mnyama. Ya la ni ya chuma, na ndiyo inayobeba wimbo. Zile mi zinajaza chini yake, mara nyingi zikibanwa kwa dole gumba la mkono wa kushoto. Mpangilio huu ulienea tangu mwanamuziki Mrusi Vasily Andreyev alipoisanifu upya na mafundi wake miaka ya 1880, kisha akaanzisha kundi lake la wapiga balalaika St. Petersburg mwaka 1888.

Ukiwa na gitaa, mi ni ule uzi mwembamba kuliko zote ukiwa wazi, yaani bila kubanwa. La ni uzi huohuo ukibanwa freti ya 5 (freti ni vile vijiti vya chuma vya shingoni).

Usifunge chuma zote tatu. Prima hupigwa kwa kidole cha shahada kitupu, juu na chini, kwa hiyo ngozi itachubuka, na shingo inaweza kupinda kwa mvuto. Badilisha uzi mmoja mmoja pia: daraja, kile kipande cha mti kinachoinua nyuzi, halijagundishwa, linashikiliwa na nyuzi tu, ukizilegeza zote linaanguka. Likishahama, bana freti ya 12: sauti ikizidi ile ya uzi ulio wazi kwa oktava kamili, limekaa mahali pake.

Balalaika kubwa, kama ile ya besi iitwayo kontrabasi, ni habari nyingine, hupigwa kwa kipande cha ngozi ngumu.