Mapenzi yanaanzia wapi katika Once?

Ndugu, umeuliza ni wapi hasa urafiki unageuka kuwa mapenzi katika filamu ya Once ya mwaka 2007, ilhali wahusika wake wakuu wawili, mwanamume mwanamuziki wa mitaani na binti mhamiaji kutoka Czech, hawafikii kuwa wapenzi. Kwa maoni yangu, unageuka ndani ya duka la ala za muziki, pale mwanamume anapomwelekeza binti namna ya kuupiga wimbo wake kwenye piano, naye binti anaanza kwa kusitasita, kisha sauti zao zinakutana, na kamera inawaacha wamalize wimbo mzima bila kuwakatiza. Hakuna anayetamka neno la mahaba, lakini kuanzia hapo kila mmoja anamsikiliza mwenzake kwa namna nyingine.

Tazama tena pia wanapokwenda matembezini kwa pikipiki. Mwanamume anamuuliza, kwa maneno ya Kicheki aliyofundishwa muda huohuo, kama bado anampenda mumewe waliyetengana, naye binti anajibu, "Miluju tebe", yaani "Ninakupenda wewe". Jibu hilo halikutafsiriwa kwenye skrini, kwa hiyo mtazamaji asiyejua Kicheki hubaki gizani pamoja na yule mwanamume. Uamuzi huo wa mwongozaji John Carney ndio unaonigusa kuliko yote.

Utulivu unaouona umetokana pia na mazingira ya kazi, kwani filamu ilirekodiwa kwa siku 17 tu, baadhi ya matukio kamera ikiwa mbali katika mitaa ya Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, huku wapita njia wakiendelea na shughuli zao.