Mfenesi na madoa ya chunusi

Shoga wa Chumbageni, umeuliza kama kweli mfenesi unaondoa madoa meusi yaliyoachwa na chunusi. Ukweli upo, ila ni wa maabara. Weusi wa ngozi ni melanini, na kazi ya kuitengeneza huanzishwa na kimeng'enya (protini ya kuharakisha kazi za mwili) kiitwacho tairosinasi, chenye shaba ndani yake. Watafiti wanasaka kwenye mimea vitu vya kukizuia. Katika kiini cha mbao ya mfenesi, ile ya njano unayoiona mafundi wakiipiga randa, vimepatikana kadhaa, artokapanoni ikiwemo.

Ukitaka kuona jambo lenyewe jikoni, kata bilinganya uliache. Muda si mrefu linageuka kahawia. Kazi ya kimeng'enya cha ukoo huohuo. Lipake ndimu, linachelewa. (Usoni ndimu usithubutu! Ukitoka nayo juani ngozi inaungua na kubaki na doa baya kuliko la kwanza. Yalinipata mimi shavuni, kwa ushauri wa jirani.)

Tatizo ni kwamba majaribio mengi ya mwanzo hutumia tairosinasi ya uyoga, na hiyo si sawa na ya binadamu. Tena kitu kufanya kazi kwenye chupa si kupenya ngozi. Kwa hiyo usichemshe maranda ya fundi ukajipaka. Liwa (mti wa kunukia) ya kusugua kwenye jiwe la msio endelea nayo kama haikuwashi. Za kukimbia ni krimu za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni, zimepigwa marufuku nchini Tanzania lakini bado zinauzwa kwa kificho. Jua la saa sita, mtandio usoni.