Kabla hujashika kalkuleta, nyoosha chaji

Wadogo zangu wa kidato cha tatu hapa Mtwara, nafundisha tuisheni ya kemia muda sasa na niwaambie tu ukweli, wengi wenu hesabu za moli haziwashindi, kinachowaangusha ni fomula. Ukikosea fomula basi masi zote zinazofuata ni hewa, hata kalkuleta iwe mpya vipi.

Kwa hiyo kariri chaji, hapo hakuna ujanja. Sodiamu +1, kalsiamu +2, aluminiamu +3, halafu yale maradiko yenu (vikundi vya atomi vyenye chaji moja), naitreti na haidroksaidi -1, salfeti na kaboneti -2. Chaji ni kama madeni, chanya na hasi zikikutana zinafutana mpaka sifuri. Aluminiamu ana 3, salfeti ana 2, wanakutana kwenye 6, yaani Al wawili na SO4 watatu, unaandika Al2(SO4)3. Na hayo mabano jamani! Ca(OH)2 ina oksijeni mbili, ukiandika CaOH2 umebakiza moja, masi imeshaharibika hapo hapo. Ile kriskrosi mnayoipenda (kuvusha namba ya chaji ya huyu iende chini ya mwenzake) mimi siigombezi, ila kwa kalsiamu oksaidi itakupa Ca2O2, punguza iwe CaO.

Haya, masi sasa. Nyumba za kale pale Mikindani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, basi na sisi tuchome jiwe la chokaa (CaCO3) tupate chokaa yenyewe (CaO):

CaCO3 → CaO + CO2

Hii imeshabalansi yenyewe, atomi za kushoto na kulia ni sawa. Isingebalansi ungeongeza namba mbele ya fomula, vile vinamba vya chini usiviguse maana unageuza kitu kuwa kingine. Ca ni 40, C 12, O 16, kwa hiyo jiwe ni 100, CaO 56, gesi 44. Ukichoma kilo 50 unapata 50 × 56 ÷ 100, kilo 28 za chokaa, na kilo 22 zinapaa na moshi. Wala huna haja ya kugeuza kilo kuwa gramu, uwiano ni ule ule, wengi wanapoteza dakika bure na masifuri hayo.

Chokaa hiyo ukiimwagia maji (kaa mbali, inachemka kweli kweli) inakuwa Ca(OH)2, 56 kwa 18 inatoa 74, so kilo 28 zinakunywa maji kilo 9 na unabaki na 37.

Ila soma swali mpaka mwisho. Wakikwambia jiwe lina usafi wa asilimia 80, CaCO3 yako ni kilo 40 tu, chokaa inashuka mpaka 22.4.