Planta za Não-Me-Toque: usitume arubuni kabla hujaiona mashine ikipanda

Ndugu yangu, usitume hiyo arubuni. Umeandika kwamba Julai unakwenda Não-Me-Toque, Brazil, kununua planta, yaani mashine ya kupandia mbegu inayovutwa na trekta, ukauliza habari za malazi, mabasi na hali ya mji, kisha ukataja kama jambo dogo tu kwamba dalali wa São Paulo anadai nusu ya bei mapema. Hilo ndilo jambo lenyewe.

Mji huo uko kaskazini mwa jimbo la Rio Grande do Sul, wakazi wake hawafiki 20,000, na jina lake kwa Kireno maana yake ni "Usiniguse". Kiangazi chao ni cha soya na mahindi, majira ya baridi ni ya ngano. Kando ya mashamba hayo hayo kuna viwanda vya planta na mashine za kunyunyizia dawa, na kila Machi hufanyika maonyesho ya Expodireto Cotrijal, yaliyoanza mwaka 2000. Mashine zao ni imara kwa sababu zimeundwa hatua chache kutoka shamba zitakakofanya kazi.

Lakini shamba hilo ni la huko. Mimi nilituma shilingi milioni 38 kwa dalali aliyeniapia kwamba planta ni planta, na kwamba udongo wa Brazil na wa kwetu Kiteto, Tanzania, ni mmoja, ilhali nilikwisha kumtumia picha ya trekta yangu ya nguvu farasi 75. Kule hawatifui ardhi. Hupanda juu ya mabua ya zao lililopita, kwa hiyo kila mstari una diski ya kukata mabua na springi nzito za kuikandamiza, na hivyo planta huwa nzito kuivuta. Siku tuliyoifunga planta yangu ya mistari tisa, trekta haikumaliza mita thelathini: magurudumu ya nyuma yaliteleza, yakachimba, injini ikazima, na mbegu zimejaa kwenye visanduku. Tena mistari ilipangwa kwa sentimita 50, nami hupanda mahindi kwa 75. Fundi wa kuchomelea alipomaliza kuing'oa minne na kuisogeza mitano iliyobaki, mvua za kwanza zilikuwa zimepita. Dalali alinijibu kwamba mashine haina kosa. Ni kweli haina. Kosa ni la aliyeiuza huku akijua trekta itakayoivuta.

Ahirisha Julai. Soya huko hupandwa Oktoba na Novemba. Nenda wakati huo, omba ruhusa utembee nyuma ya planta ikiwa kazini, fukua mbegu kwa kidole, pima nafasi ya mistari, soma nguvu ya trekta inayoivuta. Kabla ya hapo usilipe, hata ukiambiwa bei inapanda kesho. Na tuandikie hapa trekta yako ni ya nguvu farasi ngapi, maana hukusema.